Jicho la Dola Pembezoni mwa Mlima Kenya: Ufuatiliaji wa Wanaharakati Meru na Embu tangu 1952

Kila dola hukusanya habari kuhusu watu wake, na hakuna katiba inayoikataza serikali kujua ni nani anayepanga kuua au kuchoma mali. Swali linalozua mgogoro ni jingine: serikali ina haki gani ya kumfuatilia raia ambaye kosa lake ni kuipinga kwa sauti kubwa kuliko inavyopenda, na ni nani anayeidhibiti inapofanya hivyo? Nchini Kenya, kaunti za Meru na Embu, zilizoko mashariki na kusini-mashariki mwa Mlima Kenya, zinatoa nafasi nzuri ya kulichunguza swali hilo kwa kipindi kirefu, kwa kuwa watu wake wameupitia ufuatiliaji wa serikali ya kikoloni wakati wa Hali ya Hatari, wakaupitia wa chama kimoja, na sasa wanaupitia wa simu na mitandao ya kijamii. Uchambuzi huu unashikilia kwamba vifaa vimebadilika sana katika miaka hiyo sabini na ushei, lakini kasoro ya msingi imebaki ileile, yaani ufuatiliaji unaofanywa bila idhini ya hakimu hugeuka kuwa adhabu inayotolewa bila hukumu.

Ufuatiliaji, kwa maana inayotumika hapa, ni kazi ya vyombo vya dola ya kukusanya, kuhifadhi na kutumia habari za mtu bila yeye kuridhia, iwe ni kwa kumwekea mpelelezi, kumwandikisha jirani awe mtoa habari, kusoma barua zake au kuchukua rekodi za simu yake. Mwanaharakati mwenye msimamo mkali naye ni yule anayedai mabadiliko ya mizizi katika utawala, umiliki wa ardhi au matumizi ya fedha za umma, na asiyeridhika na njia za kawaida za kuwasilisha maombi. Mtu wa aina hiyo anaweza kutumia nguvu, kama walivyofanya wapiganaji wa msituni katika miaka ya 1950, au anaweza kutumia kalamu na maandamano ya amani. Tofauti hiyo ni muhimu mno katika sheria, na sehemu kubwa ya historia inayofuata inahusu namna dola ilivyokataa kuitambua.

Hali ya Hatari na kuzaliwa kwa mfumo

Gavana Evelyn Baring alipotangaza Hali ya Hatari mnamo Oktoba 20, 1952, serikali ya kikoloni tayari ilikuwa na chombo cha kumtambua Mwafrika popote alipo, yaani kipande, cheti cha usajili chenye alama za vidole ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kukibeba tangu kati ya 1919 na 1920. Vita vya Mau Mau, wapiganaji wa msituni waliopinga utawala wa kikoloni, viliongeza juu yake mfumo mpana zaidi, uliowalenga Wakikuyu, Waembu na Wameru kama kundi moja la washukiwa, kiasi kwamba kuzaliwa katika mojawapo ya jamii hizo kulitosha kumfanya mtu ahitaji kibali maalumu cha kusafiri. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil jijini Nairobi, maelfu ya watu wa jamii hizo walikusanywa na kupitishwa mbele ya watoa habari waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho, ambao kwa kutikisa kichwa tu waliamua nani apelekwe kizuizini na nani arudishwe kijijini kwao.

Kuanzia katikati ya 1954, ufuatiliaji huo uliingizwa katika makazi yenyewe. Zaidi ya watu milioni moja waliondolewa kwenye maboma yao yaliyotawanyika na kulazimishwa kuishi katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa uzio, vikiwa na saa za kutotoka nje na mnara wa walinzi, huku handaki refu likichimbwa kwa kazi ya lazima kando ya msitu wa Mlima Kenya ili kuwatenga wapiganaji na waliowapelekea chakula. Walinzi wa vijiji hivyo, walioitwa kamatimu au ngati, walikuwa majirani na jamaa wa wale waliowalinda, na hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya mfumo na pia sumu yake, kwa sababu ugomvi wa mpaka wa shamba au wa mahari uliweza kugeuzwa kuwa ripoti ya kiusalama ambayo aliyetajwa hakuwa na njia ya kuipinga.

Waliokamatwa walipitia uchujaji, yaani mahojiano ya kupima msimamo wa mtu, na baada ya hapo waliwekwa katika makundi ya weupe, kijivu na weusi kulingana na jinsi wahojaji walivyoukadiria utiifu wao. Mwishoni mwa 1954, zaidi ya watu 70,000 walikuwa vizuizini kwa wakati mmoja, wengi wao wakiwa hawajafikishwa mbele ya mahakama yoyote. Kambi za Mwea, eneo ambalo wakati huo lilikuwa ndani ya wilaya ya Embu, zikawa mahali ambapo tangu 1957 nguvu zilitumiwa waziwazi kuwalazimisha wafungwa kukiri kwamba walikula kiapo cha Mau Mau. Kipimo kilichotumika katika hatua zote hizo kilikuwa kile ambacho mtu aliaminiwa kukifikiri, wala hakikuwa tendo lililothibitishwa dhidi yake.

Jambo jingine la kuzingatia ni jinsi faili la kiusalama lilivyogeuka kuwa chombo cha siasa. Waafrika walipochagua wawakilishi wao wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria mnamo Machi 1957, Wakikuyu, Waembu na Wameru waliruhusiwa kupiga kura ikiwa tu walikuwa na hati ya uaminifu, yaani cheti kilichothibitisha kwamba mwenye nacho aliiunga mkono serikali. Wameru walikuwa wengi miongoni mwa waliopewa haki hiyo katika Mkoa wa Kati, na Bernard Mate wa Meru akamshinda Eliud Mathu, mwanasiasa mkongwe zaidi wa Kiafrika katika baraza hilo. Ushindi wa Mate ulikuwa halali kwa kanuni za wakati ule, lakini kanuni zenyewe zilikuwa zimekabidhi orodha ya wapigakura kwa watu walewale waliowapeleleza.

Jambo la mwisho ni kwamba mfumo uliojengwa kwa ajili ya vita haukubaki vitani. Mwaka 1956, baraza la wazee wa Kimeru, Njuri Ncheke, likishirikiana na watawala wa wilaya, lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Wasichana wengi walikaidi kwa kujikeketa wenyewe, wakaitwa Ngaitana, na katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400, wakiwemo wasichana, wazazi na wakunga, walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika. Mila hiyo inastahili kupingwa, na wanawake wa Meru wenyewe wamekuja kuongoza mapambano dhidi yake. Hata hivyo, katazo lililotekelezwa na kamatimu wenye bunduki, waliokwisha kuzoea kuingia nyumba za watu usiku, lilipokelewa kama tawi jingine la ukandamizaji, likakipa kitendo chenye madhara sura ya upinzani.

Uhuru uliorithi mafaili

Bendera ilibadilika Desemba 1963, lakini muundo wa machifu na manaibu wao, wakuu wa wilaya na wakuu wa mikoa ulibaki, na pamoja nao Tawi Maalumu, kitengo cha polisi kilichoshughulikia upelelezi wa kisiasa. Wapiganaji wa Meru walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuhisi mwendelezo huo. Musa Mwariama, kiongozi wa ngazi ya juu ambaye Waingereza hawakuwahi kumkamata msituni, alitoka na kupokewa na Jomo Kenyatta. Baimungi M'Marete, mwenzake katika uongozi, naye hakuridhika na namna suala la ardhi lilivyoshughulikiwa, akaendelea kudai kwamba waliopigana wapewe mashamba, na Januari 1965 akauawa na vikosi vya usalama vya serikali huru aliyoipigania. Kisa cha Baimungi kinaonyesha kwamba, machoni pa watawala wapya, dai la ardhi lilikuwa tishio la kiusalama kama lilivyokuwa machoni pa Baring.

Mabadiliko ya sheria ya mwaka 1966 yalirudisha kizuizi bila kesi kupitia Sheria ya Kudumisha Usalama wa Umma, na mji wa Embu, ukiwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, ukawa kituo cha ripoti zilizotoka kwa naibu wa chifu hadi kwa mkuu wa mkoa na kuendelea Nairobi. Chini ya Sheria ya Mamlaka ya Machifu, chifu alikuwa mtawala na mtoa habari kwa wakati mmoja, naye aliweza kuuzuia mkutano wa watu wachache tu kwa hoja ya usalama. Katika enzi ya Daniel arap Moi, na hasa wakati wa msako wa kundi la siri la Mwakenya mnamo 1986 na 1987, kilele cha mfumo huo kikawa vyumba vya mateso chini ya jengo la Nyayo House, walikopelekwa wahadhiri, wanafunzi na wakulima walioshukiwa kusoma au kusambaza maandishi ya upinzani.

Watu wa Meru na Embu walikuwa mstari wa mbele katika upinzani wa kipindi hicho. Gitobu Imanyara, wakili kutoka Meru na mhariri wa jarida la Nairobi Law Monthly, alizuiliwa Julai 1990, siku chache kabla ya maandamano ya Saba Saba ya kudai vyama vingi. Jarida lake likapigwa marufuku Septemba mwaka huo, na mwaka 1991 akashtakiwa kwa uchochezi, mwaka uleule ambao vyama vya wachapishaji wa magazeti duniani vilimtunuku Kalamu ya Dhahabu ya Uhuru. Kiraitu Murungi, wakili mwingine wa Meru ambaye baadaye alikuja kuwa waziri na gavana, alikimbilia Marekani mwaka 1990. Njeru Kathangu wa Embu, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi, alikamatwa Julai 1990 pamoja na George Anyona, Edward Oyugi na Ngotho Kariuki walipokuwa wameketi katika baa moja ya Nairobi. Wanne hao walishtakiwa kwa kufanya mkutano wa uchochezi na kupatikana na machapisho ya uchochezi, na Julai 1991 wakahukumiwa kifungo cha miaka saba kila mmoja.

Uchochezi, kama sheria ya wakati huo ilivyoufafanua, ulikuwa kusema au kuandika jambo linaloweza kuamsha chuki dhidi ya serikali, na ufafanuzi huo mpana ndio ulioufanya ufuatiliaji uwe na faida kubwa kwa dola, kwani mazungumzo ya marafiki wanne mezani yaliweza kuwa kosa la jinai pindi yalipofikishwa kwa afisa wa Tawi Maalumu. Kathangu na wenzake waliachiliwa mwaka 1992, na uchaguzi wa Desemba mwaka huo ukampeleka Kathangu bungeni kama mbunge wa Runyenjes. Wapigakura wa Embu walimpa jukwaa la taifa mtu ambaye dola ilikuwa imemwita hatari kwa taifa, na katika historia ya ufuatiliaji wa kisiasa ni vigumu kupata kanusho lililo wazi kuliko hilo.

Marekebisho na mianya yake

Mageuzi ya 1997, yaliyotokana na maafikiano ya wabunge wa vyama vyote, yalifuta kosa la uchochezi na kupunguza mamlaka ya machifu, na sheria ya mwaka 1998 ikaitenga idara ya ujasusi na polisi na kuinyima uwezo wa kukamata watu. Katiba ya 2010 ilikwenda mbali zaidi: Kifungu cha 31 kinalinda faragha, pamoja na faragha ya mawasiliano, Kifungu cha 37 kinalinda haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, na Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Sheria ya Shirika la Kitaifa la Ujasusi ya 2012 inataka shirika hilo lipate hati kutoka kwa jaji wa Mahakama Kuu kabla ya kuingilia mawasiliano ya mtu.

Ulinzi huo, hata hivyo, una mianya mitatu. Wa kwanza ni wa kisheria, kwa sababu Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inayaondoa masuala ya usalama wa taifa katika sehemu kubwa ya masharti yake, bila kueleza kwa undani usalama wa taifa unakomea wapi. Wa pili ni wa kiteknolojia. Rekodi za simu, yaani orodha ya nani alimpigia nani, saa ngapi na kupitia mnara gani, hazifichui maneno yaliyosemwa, lakini zinatosha kuchora ramani ya maisha ya mtu, marafiki zake na mahali anapolala. Ripoti ya shirika la Privacy International ya mwaka 2017 ilieleza jinsi maafisa wa usalama wa Kenya walivyopata mawasiliano na rekodi hizo, mara nyingi bila kupitia kwa jaji. Wa tatu ni wa kijamii: mpango wa Nyumba Kumi, ulioasisiwa Kenya mwaka 2013 kwa kufuata mfano wa mabalozi wa nyumba kumi wa Tanzania, uliwarudishia majirani jukumu la kutoa habari kwa chifu. Mpango huo umesaidia kuwanasa wezi wa mifugo na wauzaji wa pombe haramu, lakini mstari kati ya kuripoti uhalifu na kuripoti maoni haujawahi kuchorwa.

Embu, Desemba 2024

Mianya hiyo ilionekana wazi baada ya maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, yaliyoongozwa na vijana wasio na chama wala kiongozi mmoja, na yaliyopangwa zaidi kwenye mitandao ya kijamii. Kundi lisilo na ofisi haliwezi kufuatiliwa kwa kumweka mpelelezi mlangoni. Hufuatiliwa kwa kuwatafuta wafuasi wake mmoja mmoja kupitia simu zao. Kufikia mwishoni mwa Desemba 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imerekodi visa 82 vya watu kutekwa nyara au kutoweka tangu Juni, na watu 29 kati yao walikuwa bado hawajulikani waliko.

Mmoja wao alikuwa kijana wa mjini Embu aliyechukuliwa Desemba 21, 2024 na watu wenye silaha waliofunika nyuso akiwa kwenye duka la kinyozi, baada ya kuhusishwa na picha ya rais akiwa ndani ya jeneza iliyotengenezwa kwa akili mnemba, yaani programu za kompyuta zinazobuni picha na maandishi. Picha hiyo iliwakera wengi, na serikali ilikuwa na haki ya kumshtaki mhusika kama iliamini kwamba kuna sheria aliyoivunja. Badala yake kijana huyo alitoweka kwa zaidi ya wiki mbili. Polisi walikana kuhusika, wakazi wa Embu wakaandamana, familia na mawakili wakaenda mahakamani kudai aletwe mbele ya jaji akiwa hai, na Januari 6, 2025 akapatikana pamoja na wengine kadhaa waliokuwa wametoweka. Ghadhabu ya Embu ilikuwa na kumbukumbu ya karibu nyuma yake, kwani Agosti 2021 ndugu wawili wa Kianjokoma walikufa baada ya kukamatwa kwa kukiuka kafyu ya Korona, na maafisa sita wa polisi wakashtakiwa kwa mauaji yao.

Kutoweka kwa kijana wa Embu kunaonyesha jinsi enzi mbili zinavyokutana. Waliofunika nyuso mwaka 1954 walikuwa watoa habari waliowahofia majirani zao, ilhali waliofunika nyuso mwaka 2024 walikuwa ndio wakamataji wenyewe, ishara kwamba waliotekeleza kazi hiyo walijua haina msingi wa kisheria. Mtu anaposhikwa na watu wasiotambulika na kuachiliwa bila mashtaka, hakuna jaji anayepata nafasi ya kuuliza namba yake ya simu ilifuatiliwa kwa hati gani, na kwa hiyo ufuatiliaji haramu hubaki umefunikwa na utekaji ulio haramu zaidi.

Uzito wa hoja ya usalama

Haki inataka hoja ya serikali isikilizwe kikamilifu. Kenya imeshambuliwa vibaya na magaidi: watu 67 waliuawa katika jengo la Westgate mnamo Septemba 2013, na 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa mnamo Aprili 2015. Baadhi ya maandamano ya 2024 yaliingiliwa na waporaji, na jengo la Bunge lilivamiwa Juni 25. Idara ya usalama isiyojua lolote mapema ingelaumiwa na walewale wanaolalamikia ujasusi leo.

Hata hivyo, mabaya hayo yote ni matendo, na matendo yanaweza kuelezwa mbele ya jaji ili atoe hati. Afisa anayemshuku mtu kwa kupanga shambulio ana la kuandika katika ombi lake. Asiye na la kuandika isipokuwa kwamba mshukiwa amemkejeli rais, amedai ardhi au amekusanya vijana, huyo hana sababu inayotambuliwa na katiba. Isitoshe, historia ya eneo hili inaonyesha kwamba kuchanganya makundi hayo mawili hakukuleta usalama. Vijiji vya uzio havikuzima dai la ardhi, hukumu ya 1991 haikuzuia vyama vingi, ambavyo vilihalalishwa kabla ya mwaka huo kwisha, na utekaji wa Desemba 2024 uliwaleta barabarani watu ambao awali hawakuwa wameandamana.

Mataifa mengine yamepitia njia hiyohiyo. Nchini Marekani, shirika la FBI liliwapeleleza na kuwahujumu viongozi wa haki za kiraia na wapinga vita kati ya 1956 na 1971, na kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church ikafungua mafaili yake mwaka 1975 na kusababisha sheria ya 1978 iliyoanzisha mahakama maalumu ya kuidhinisha ujasusi. Sheria hiyo haikumaliza tatizo, lakini ilithibitisha kwamba siri za dola zinaweza kuchunguzwa hadharani bila dola kuanguka.

Kinachohitajika

Wakongwe wa Mau Mau, wakiwemo Wameru na Waembu, walingoja zaidi ya nusu karne kabla ya Uingereza, mnamo Juni 2013, kueleza majuto yake na kukubali kulipa takriban pauni milioni 20 kwa walalamishi 5,228, baada ya serikali hiyo kulazimishwa kutoa nyaraka ilizozificha katika hifadhi yake ya Hanslope Park. Nyaraka hizo zilipatikana kwa sababu wakoloni, kwa kiburi chao, waliandika walichokifanya. Utekaji wa leo hauachi karatasi, na hivyo ni lazima hatua zichukuliwe sasa, wakati mashahidi wangali hai.

Bunge la Kenya lina kazi nne zilizo wazi. Liifanye hati ya jaji kuwa sharti hata kwa rekodi za simu, wala si kwa mazungumzo peke yake; liagize kwamba kila aliyefuatiliwa bila kukutwa na kosa ajulishwe baada ya muda uliowekwa; liyatake makampuni ya simu yachapishe kila mwaka idadi ya maombi yanayoyapokea kutoka kwa vyombo vya usalama; na liridhie Mkataba wa Kimataifa wa Kuwalinda Watu Wote dhidi ya Kutoweshwa kwa Lazima, ambao Kenya iliutia saini mwaka 2007. Wakazi wa Meru na Embu nao wana wajibu wa kuwauliza wabunge wao, mmoja baada ya mwingine na kwa jina, wamesimama wapi katika kila mojawapo ya kazi hizo, kwa maana jamii zilizowahi kuishi ndani ya uzio hazina udhuru wa kunyamaza uzio mpya unapojengwa.